Mji Uliopitia Changamwe

Mwanangu Swaleh,

Salamu zangu ulizipata asubuhi, basi sitazirudia hapa. Mimi ni mzima, mguu tu ndio unaonisumbua kidogo, na wali uko jikoni. Wewe umekwenda Mtopanga kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka wakulishe mara mbili, kwa hiyo nafasi ninayo. Naandika kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, alizonifunza marehemu babangu, ambazo wewe ulifunzwa kwa fimbo, ili wenzako ndani ya ndege wakichungulia wasitoke na kitu. Barua hii nitaitia katika mfuko wa ndani wa lile koti kubwa. Nitakwambia usiifungue mpaka ndege iwe angani.

Asubuhi ulikuja ukapiga magoti mbele ya kiti changu, ukaishika miguu yangu ukasema, "Mama, nipe radhi. Na pale nilipokukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe." Mimi nikakujibu, "Inuka mwanangu, chai inapoa. Tutazungumza." Niliuona uso wako. Mtu anaomba radhi kwa mamake siku moja kabla ya kupanda ndege, na mama anamtajia chai; lazima aogope. Nimekuacha na hofu hiyo kutwa nzima, na sikufanya kwa kusahau. Nilikuwa nimekasirika, na bado nimekasirika hivi ninavyoandika. Soma mpaka mwisho, utajua kama radhi umepata au hukupata.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Soksi za sufu unazo, glavu amekuletea mjomba wako Hamisi, na mwalimu wa msikiti amekueleza nyama gani ule na gani uwaachie wenyewe. Yule mwalimu wa Kidenmaki aliyekualika ukazione shule za kwao amekwisha kwambia utalala kwa nani. Safari yenyewe ni fupi, utarudi kabla ya Idi. Ramadhani itakukuta hukohuko, na msafiri ruhusa yake waijua. Hiyo ni baina yako na Mola wako. Mimi nitakueleza mambo ya kufanya ukiwa ndani ya mji.

Naam, mimi, ambaye nikifika Kongowea hujiona nimesafiri. Kopenhagen naijua, Swaleh. Nenda kwenye ziwa refu lililo katikati ya mji, ambalo majira haya huganda likawa kama sakafu, na watu wazima wenye heshima zao huvaa vyuma chini ya viatu wakateleza juu yake, mume na mke wameshikana mikono mbele ya watu, na hakuna anayewasema. Panda ule mnara wa duara usio na ngazi. Ndani yake njia yazunguka polepole mpaka juu, na mfalme mmoja wa zamani aliupanda juu ya farasi wake. Adhuhuri wafuate askari wa mfalme wenye kofia za manyoya meusi, uone kama kweli hawapepesi macho hata theluji ikiwaangukia. Kisha nenda ufukweni ukamwone mwanamke wa shaba, nusu mtu nusu samaki, aliyeketi juu ya jiwe. Baba yako alisema ni mrefu kama mnara wa msikiti. Na jua likishatua, tembea tu mitaani utazame madirisha, maana kila dirisha lina mshumaa, na si kwamba umeme hawana, bali wanapenda tu. Pazia hawavuti. Mpita njia humwona mwenye nyumba anakula.

Haya yote alinihadithia baba yako, na wewe ulikuwapo.

Wakumbuka alivyokuwa akirudi. Mlango unagongwa, nami moyo wanipasuka kwa furaha, kwa sababu miezi imepita na bahari haina dhamana. Yeye huingia na kifurushi chake, huoga, hula, kisha hujinyoosha kwenye kitanda cha ukumbini na kusema, "Haya, niwaambie nini leo?" Mimi hukaa na kipepeo mkononi nikimpepea, na wewe mkekani. Jioni moja ndipo alipoitoa ile sahani kutoka ndani ya shuka: nyeupe na buluu, katikati ina kanisa na miti isiyo na majani, na theluji juu ya kila kitu. Akasema, "Nimekuletea mji wenyewe uutazame nisipokuwapo." Nikaiweka kwenye kidaka cha ukutani, juu ya sahani za mamangu, mahali ambapo hapakuwahi kukaa kitu cha mtu mwingine.

Nami niliutazama. Nilipokuwa nikichambua mchele nilikuwa Kopenhagen. Mvua za masika zilipovujisha paa nilikuwa Kopenhagen, naona mishumaa. Harusini, wanawake tukikaa kumtia bi arusi hina, wenzangu hunichokoza, "Ebu Bi Kopenhagen, tupe habari za kwenu," nami huwapa mnara, nikawapa askari, nikawapa yule mwanamke samaki, na nikiona wametulia huongeza chumvi yangu kidogo. Sikuwa na dhahabu ya kuonyesha. Bangili zangu ziliuzwa zamani ulipougua. Nilikuwa na mji, na nilijiona tajiri.

Mwaka mmoja baba yako alirudi baada ya Idi akasema Ramadhani yote alifungia huko, wakati wa baridi kali, na kwamba saumu ya Kopenhagen ni jihadi, kwa sababu jua lilikataa kutua. Alisema walikaa kwenye sitaha midomo imepasuka, saa nne za usiku jua bado liko palepale, yeye na wenzake wawili Waislamu wakilitazama kama watu wanaomngoja mgeni mwenye kiburi. Nililia kwa kumwonea huruma. Nilikwenda kwa majirani nikawaeleza mume wangu alivyofunga. Wewe ulikuwa mkekani, mkubwa tayari, unasoma sekondari kisiwani. Nilikugeukia nikakwambia, "Wamsikia babako?" Hukunitazama. Uliitazama sahani, ukasema, "Namsikia, mama."

Juzi, ulipokuwa ukinituliza nisiwe na wasiwasi na saumu yako, uliniambia kwamba kule majira haya jua hutoka saa mbili na kitu na kabla ya saa kumi na moja limekwisha zama, kwa hiyo funga ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu. Ulisema huku unakunja shati, bila kufikiri. Mimi nikaendelea kupanga nguo zako. Jua hilo lisilotua ni la wakati wao wa joto. Baba yako alimsikia mtu akihadithia akachanganya majira. Wewe jiografia ulikuwa umekwisha isoma. Ulijua jioni ileile kwamba nadanganywa, na nilipokuuliza ukasema wamsikia.

Sasa nikwambie ya Changamwe. Wewe wajua nusu, mimi najua nusu, na hatujawahi kuziweka pamoja.

Mwaka jana, ulipokuwa chuo cha ualimu, jirani yetu Bi Zena alifiwa na shemeji yake huko Changamwe, mzee mmoja aitwaye Kombo. Sikumjua. Lakini kwetu mtu haendi matangani kwa kumjua maiti, huenda kwa sababu ya jirani, na Bi Zena alikwisha nililia mamangu kama wake. Siku ya khitma tukatoka wanawake wa mtaa, tukavuka daraja la Nyali, tukapita kisiwani na Makupa, mpaka Changamwe. Njiani nilikuwa nikiwahadithia. Baba yako wakati huo alikuwa safarini, na nilipiga hesabu zangu kwamba meli yake imekwisha fika. Niliwaambia, "Sasa hivi huenda yuko juu ya barafu."

Tukaingia uani kwa nyuma, njia ya wanawake. Kulikuwa na masufuria matatu makubwa juu ya mafiga, moshi umetanda, na watu wa nyumba wanahangaika. Mkwe wa marehemu ndiye aliyesimamia chakula, kama ilivyo ada, mkwe wa kiume hujionyesha siku kama hiyo. Alikuwa amejifunga kikoi, jasho lamtiririka, anakoroga pilau kwa mwiko mrefu. Alikuwa baba yako.

Alinitazama. Kisha akaitazama sufuria akaendelea kukoroga, kwa sababu pilau ikiachwa hushika chini. Mimi nikasogea na wenzangu, nikavua viatu, nikaingia ndani nikaketi.

Ukutani, mbele yangu, palikuwa na sahani nyeupe na buluu, zimepangwa safu. Moja ina meli, moja ina kulungu, moja ina watoto na mbwa, na theluji juu ya zote. Katikati ya safu palikuwa na nafasi tupu, na chokaa pale ilikuwa nyeupe zaidi, duara kabisa. Sikuhitaji kuambiwa. Mzee Kombo ndiye aliyekuwa baharia. Alifanya kazi katika meli za Kidenmaki mpaka alipozeeka, akarudi na sahani zake na hadithi zake, akawa anazimwaga kitandani kila jioni, na mkwewe alizikinga. Baba yako aliwahi kuwa baharia pia, hilo ni kweli, lakini nilikuja kujua kwamba meli zake hazikupita Aden, na bahari aliiacha zamani akapata kazi ya nchi kavu kwenye matangi ya mafuta, hapohapo Changamwe. Mji wangu wote, Swaleh, mnara na ziwa na mishumaa, ulitoka katika nyumba ya mke mwenzangu. Alikuwa akiniletea makombo ya mazungumzo ya kule, nami namshukuru.

Nikamnong'oneza Bi Zena, "Yule mkwe wa marehemu ni nani?"

Akashika kinywa. "Dada, nilidhani wajua. Wallahi nilidhani wajua."

"Na zile hadithi zangu zote, mlipokuwa mkinisikiliza?"

"Twaona wajisitiri," akasema. "Tukasema, na tumsikilize, masikini, ndivyo anavyojisitiri."

Hapo ndipo nilipoumia. Mume kuoa si jambo geni. Dini imempa ruhusa, na mamangu alikuwa na mwenziwe na waliishi wakakopeshana chumvi. Lakini kila harusi, kila hina, wale wanawake walikuwa wakinionea huruma kwa adabu, na mimi naongeza chumvi. Walinichokoza ili nisijue kwamba wanajua. Walinitunza kama mtu anavyotunzwa asiye na akili nzuri. Leo nikiitwa harusini hutoa udhuru kwamba mguu wauma.

Chakula kikaletwa na nikala. Sijui kwa nini nakwambia hili, lakini nilikula pilau ya mume wangu na ilikuwa nzuri. Kisha nikainuka kwenda kumpa pole mfiwa. Mwanaisha, huyo mke mwenzangu, alikuwa amevimba macho, na sikuweza kumchukia. Alikuwa amefiwa na babake. Kando yake alikaa mamake, kizuka aliyeingia eda ya mumewe, mwanamke wa makamo ya juu, mpole. Alinishika mkono akanitazama sana.

"Wewe ndiwe mamake Swaleh?"

"Ndimi."

"Mungu akuwekee, mwanangu. Mwanao ana adabu. Marehemu alikuwa yuwampenda kama mjukuu wake wa damu. Kila akija hukaa chini, kando ya kitanda pale, 'Babu, nambie tena ule mnara usio na ngazi.' Hata juzi alipokuja likizo alimletea tumbako."

Nikamwambia, "Amin. Asante, mama." Nilitoka nikavaa viatu. Sikumbuki njia ya kurudi.

Basi tangu siku ile najua kwamba nawe ulijua. Hukujua kwamba najua. Baba yako alikuja siku ya pili, akaketi kwenye kitanda kilekile, akasema hakutaka niumie. Nikamwambia, "Ungeniambia naoa, ningelia, ningenuna, kisha ningekugawia zamu na mwenzangu na mambo yangekwisha. Mimi umenifanya kichekesho katika nyumba yangu." Nilimwambia zamu yake hapa imekwisha, akachukua kifurushi chake akaenda zake, na safari hiyo hakuwa na haja ya kutaja meli. Hajaniacha wala sijamwomba aniache. Kwako nilisema tu kwamba tumekosana kwa sababu ya mke wa pili. Ukasema, "Pole, mama," ukainamisha kichwa. Nikangoja useme la kwako. Nimengoja mwaka mzima.

Nataka nikutendee haki. Baba yako alianza kukuchukua huko ulipokuwa bado wavaa kaptula. Alikwambia usiseme, na mtoto humtii babake. Yeye ndiye aliyekutwika mzigo wa mtu mzima, na kwa hilo nina kisa naye mpaka kiyama. Najua pia kwamba ulimpenda yule mzee. Alikuwa na maneno matamu, alikuwa na mji wa kweli kichwani, na mimi niliyempenda kupitia mdomo wa mwingine siwezi kukulaumu wewe uliyemsikia mwenyewe. Hata hii safari yako najua ilizaliwa kando ya kitanda chake. Kwa miaka ile ya kaptula sikuwekei kitu moyoni.

Lakini ulikua, Swaleh. Ulianza kunyoa. Ulikuwa unatoka kwa Mzee Kombo alasiri, magharibi uko mkekani kwangu, na baba yako anahadithia kilekile ulichokisikia mchana, nawe wauliza maswali kana kwamba ni kipya. Hata ulimsaidia. Alipousahau mnara ulisema, "Na yule farasi, baba?" Mimi nikacheka nikasema mtoto huyu ana kumbukumbu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi pale Changamwe, kabla yule kizuka hajanishika mkono, nguo zangu nilizikung'uta zote nikitafuta nani alijua, nikamshuku Bi Zena, nikamshuku hata fundi wa paa. Wewe sikukushuku. Mjomba wako Hamisi, ndugu yangu wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa shahidi wa ile ndoa ya Changamwe, na Ijumaa ya wiki ileile alikuja kwangu akala biriani akaomba na ukoko. Hilo liliniuma nikapona. Lako halijapona.

Nimejiuliza mimi nilikosea wapi, kwa sababu mtu hadanganywi miaka yote hiyo bila yeye mwenyewe kushika upande mmoja wa shuka. Baba yako alikuwa akirudi amenenepa. Baharia gani hurudi kutoka baridini na shavu la mtu aliyepikiwa? Mikono yake ilinuka mafuta ya taa, si chumvi. Sikuwahi kumuuliza jina la meli mara mbili, kwa kuogopa asije akataja majina mawili. Niliipenda hadithi kuliko nilivyopenda kumjua anayehadithia. Ukioa, ukaona mkeo anakusikiliza kwa uso ule niliokuwa nao mimi, nakuomba ujihadhari, kwa sababu uso huo humfanya mwanamume aseme lolote. Na ikiwa siku moja una jambo la kusema na ulimi ni mzito, liseme likiwa bichi. Aibu ya siku ya kwanza hulika. Hii ya miaka imenishinda kumeza.

Siku hizi barazani wanaume hawana mazungumzo ila mambo ya mwambao, nani atabaki na pwani Uhuru ukija, nani ameahidiwa nini na nani. Jana walikuwa wakibishana mpaka adhana ikawapita. Mjomba wako alipiga goti akasema, "Tutauzwa, na watakaotuuza twala nao." Nilikuwa nawapelekea kahawa, nikamtazama. Alinyanyua kikombe akanishukuru kwa kahawa.

Asubuhi, basi, ulipopiga magoti, nilidhani siku imefika. Nilisema moyoni, atasema sasa, hawezi kuvuka bahari na jambo hili. Ukasema, "Kwa kujua au kwa kutojua." Ndivyo watu wote wanavyosema, hata anayemuaga jirani baada ya kukaa naye siku mbili. Ulijificha ndani ya maneno ya watu wote. Nikakutajia chai kwa sababu ningefungua kinywa ningesema kitu ambacho hakifai kusafiri nacho mtoto.

Kesho watakuja jamaa, mwalimu atasoma Fatiha, nami nitaweka mkono juu ya kichwa chako na kusema radhi zangu unazo. Usidhani nasema kwa ajili ya watu. Radhi nakupa, zote, kwa maziwa uliyonyonya na kwa usiku niliokesha nawe unaumwa, na Mungu akurudishe salama. Mama hapeleki mtoto angani bila radhi, hata awe na hasira gani, na hiyo ndege naiogopa kuliko ninavyokukasirikia. Hilo lisikutie hofu tena. Lakini msamaha ulioniomba asubuhi sijakupa. Hukulitaja kosa, nami siwezi kusamehe kitu ambacho mwenyewe hujakitaja. Na kukuamini, mwanangu, bado sijaweza. Nakwambia wazi kwa sababu nimechoka kuambiwa mambo yaliyopambwa.

Uwanja wa ndege uko upande wa Changamwe, sitavuka kuja huko. Nitaagana nawe hapa mlangoni. Baba yako najua atakuwa amekungoja uwanjani, natumaini ulimpa mkono, ni babako. Na kama alianza kukueleza ukifika Kopenhagen ufanye nini, natumaini ulimwacha aseme.

Ukifika, nenda ziwani na uteleze ukitaka, na uanguke. Panda mnara. Mwangalie mwanamke samaki, na umsomee Mzee Kombo Fatiha hapo kwenye jiwe lake, maana yeye alikuwa mkweli na hakunikosea kitu. Hayo ni yako na yake. Kisha siku moja kabla ya kurudi, toka peke yako ushike njia ambayo yule mzee hakuitaja wala baba yako hakuirudia. Tafuta kitu kimoja. Si lazima kiwe kizuri; kiwe mlango, au mwanamke anayefagia theluji kibarazani kwake, au namna wanavyobeba mkate. Kitazame mpaka mikono ife baridi. Usimhadithie mwenzako wala usimwandikie mtu. Kwangu usilete sahani, usilete shali. Niletee hicho, kisichopitia Changamwe.

Wewe mwenyewe huna budi kupita huko, ndege hutua huko na barabara ni moja. Pita, uvuke daraja, uje nyumbani. Nitakuwa nimeweka chai. Lile jambo ulitaje kwanza, kwa kinywa chako, uanzie ulipokuwa na kaptula, na usiruke yule farasi. Mimi nitalia, huenda nikakufukuza ukae kibarazani kidogo, kisha nitakuita. Ukirudi ndani ndipo unihadithie ulichokiona. Ile sahani nimeitoa kwenye kidaka tangu mwaka jana, nafunikia chungu cha kunde, na kidaka kiko kitupu.

Nasikia Bi Zena anakusalimu njiani, umekwisha rudi. Nakunja karatasi.

Mamako, ambaye Kopenhagen hajaijua bado.